Mkishalichukua, Mtalifanya Nini?

Swali hili huulizwa na mama mkwe au dada mkubwa, mara chache sana na mwenye mimba. Mwenye mimba amelala na kadi yake ya kliniki kifuani akisubiri kuitwa thieta, na ana mengi ya kuwaza. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, nina fomu ya ridhaa ya kurasa nne na kalamu mbili. Nimekwisha kueleza kwamba mtoto akitoka salama, na mama akishashonwa, tungeomba kondo la nyuma liende kwenye utafiti. Ndipo mzee wa upande wa pili wa kitanda anapoinua macho na kuniuliza, "Mwanangu, mkishalichukua, mtalifanya nini?"

Nina miaka sita katika kazi hii. Mimi ni mwanateknolojia wa maabara, na maabara yetu ni ndogo: vyumba vitatu, watu watano, hapa Nairobi. Tunajifunza kutoa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa aina nyingine za seli, kwenye kondo la nyuma, kuzikuza, kuzipima na kuzihifadhi, ili siku moja ziweze kutumika kwa mgonjwa. Katika miaka hiyo sita jibu langu kwa mzee yule wa kando ya kitanda limebadilika mara mbili. Nimeona niandike kwa nini.

Mwanzoni nilijibu haraka: "Mama, tutatoa seli shina, zitibu wagonjwa." Watu walifurahi. Wengine walisema amina. Fomu zikatiwa saini.

Mimi ni mzaliwa wa Pumwani, katika hospitali ile ya akina mama iliyofunguliwa mwaka wa 1926, na nimekulia Majengo, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa mkunga wa mtaani. Hakuwahi kutamka "kondo la nyuma", yeye alisema "zalio". Aliamini kwamba uzazi haujaisha mpaka zalio litoke lote, na kwamba kazi ya mkunga haijaisha mpaka zalio lizikwe. Alilikunjua juu ya sinia kama mtu anayesoma barua, akipitisha vidole upande ule wa nyama kuona kama kuna kipande kilichobaki ndani ya mama, maana kipande kikibaki mama hutoka damu mpaka akafa. Kisha aliliosha, akalifunga kwa kitambaa cheupe, akalizika uani. Ndiyo maana mtu wa kwetu akitaka kukuonyesha kwao ni wapi, hakuonyeshi nyumba. Anakwambia kitovu chake kimezikwa hapo.

Nilipoanza mafunzo hospitalini niliona zalio likienda kwenye ndoo, na ndoo ikienda kwenye shimo la kondo au kwenye tanuri la kuchomea taka. Sikulaumu mtu. Hospitali inayozalisha makumi ya akina mama kwa siku haina ua wa kuzikia. Lakini nilikuwa nimemwona bibi yangu, na ile ndoo sikuizoea hata siku moja.

Kwa hiyo nielezee kwanza kilichomo ndani ya ile ndoo.

Kondo la mimba iliyotimiza miezi yake huwa na uzito wa karibu nusu kilo, upana wake kama sentimita 20, kama sahani ya chakula. Upande wa mtoto unang'aa, una rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu, na mishipa yake imetawanyika kama mizizi ya mti kutoka pale kiungamwana, ile kamba ya kitovu, kinapoanzia. Upande wa mama ni mwekundu uliokolea, wenye vipande vipande kama nyama iliyochanjwa. Ngozi inayong'aa juu yake ni amnioni, na ukiwa na mkono mwepesi unaweza kuibandua peke yake. Ni nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu na haina mshipa wa damu hata mmoja. Chini yake kuna korioni, na kutoka korioni huning'inia maelfu ya vijinyuzi ambavyo huogelea katika damu ya mama kwa sehemu kubwa ya mimba. Ukingo wa mwisho kabisa, ule uliokuwa umeshikana na mji wa mimba, ni desidua. Amnioni ni ya mtoto. Korioni ni ya mtoto. Desidua ni ya mama. Ninaomba msomaji ashike hilo la mwisho, nitalirudia.

Matumizi ya vitu hivi katika tiba yameanza zamani. Mwaka wa 1910, daktari mpasuaji John Staige Davis wa Baltimore alieleza jinsi alivyotumia ngozi za uzazi kufunika majeraha. Mwaka wa 1988, mjini Paris, Eliane Gluckman na wenzake walimpandikiza mtoto mmoja wa Marekani, aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi wa anemia ya Fanconi, damu iliyochotwa kwenye kondo na kitovu cha mdogo wake wa kike aliyekuwa amezaliwa karibuni. Mtoto yule alipona na akawa mtu mzima. Kabla ya siku ile damu hiyo ilikuwa ikimwagwa. Baada yake zikaanzishwa benki za damu ya kitovu, na maelfu ya wagonjwa wamepandikizwa.

Damu ya kitovu, basi, ni tiba iliyothibitishwa, kwa magonjwa ya damu na ya uboho. Seli ninazoshughulika nazo mimi ni za aina nyingine, seli za mesenkaima, zinazokaa katika nyama yenyewe ya kondo. Zimekusanyiwa matumaini mengi kuliko uthibitisho, na hapa ndipo jibu langu la kwanza lilipokosea.

Siku ya kazi huanza kabla ya jua. Tunachukua makondo ya upasuaji uliopangwa tu, kwa sababu yale ya uzazi wa kawaida hupita njia yenye bakteria wengi. Ninakuwa mlangoni mwa thieta na kisanduku cha baridi, kile kile kinachobeba chanjo, ndani yake chombo kilichotakaswa chenye maji ya chumvi na dawa za kuua bakteria. Mama amekwisha kupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Sista ananikabidhi, ninaandika saa na dakika, ninaondoka. Tukichelewa kwa saa nyingi seli hufa, kwa hiyo ninapanda bodaboda, kisanduku kifuani kama mtoto. Mvua ikinyesha alfajiri hesabu zote za Jogoo Road huharibika, na nimewahi kushuka na kutembea kwa miguu kipande kizima nikiwa nimekikumbatia.

Maabarani tunaosha. Tunaosha tena. Damu huwa haiishi, na uoshaji ndio kazi ninayowapa wanafunzi wapya ili nione subira zao. Kisha ninabandua amnioni, ninaondoa desidua, ninakata korioni vipande vidogo kama nyama ya sambusa, na kuviloweka katika kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zinazoshikanisha seli. Saa moja hivi, joto la mwili, nyuzi 37. Kinachobaki kinachujwa, kinazungushwa kwenye mashine, na seli zinatuama chini kama mchanga wa Mto Athi. Tunazimwaga katika chupa bapa zenye chakula chake, na kuziweka kwenye inkubeta.

Baada ya siku mbili tunabadilisha chakula. Seli za damu hazishiki sakafu ya chupa, hivyo humwagika nacho. Zinazobaki zimeshika. Baada ya wiki moja au siku kumi, ukitazama kwa hadubini, unaziona: nyembamba, ndefu, zimelala bega kwa bega, zote zimeelekea upande mmoja kama dagaa wanaofuata mkondo. Mara ya kwanza kuziona nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa nimelibeba zalio lile mikononi asubuhi, na sasa lilikuwa hai mbele yangu.

Sasa nisimulie kilichonitoa machozi ya aina nyingine.

Mwaka wangu wa pili tulipata kondo la mtoto wa kiume, zuri, safi. Seli zake zilikua vizuri kuliko zote tulizokuwa nazo. Kila zilipojaza chupa tulizigawa katika chupa mpya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye kila chupa niliandika kwa mkono wangu "korioni, mtoto". Tulizipima alama za juu ya seli ambazo wanasayansi wa tiba ya seli walikubaliana mwaka wa 2006 kwamba seli ya mesenkaima lazima iwe nazo, na alama ambazo haitakiwi kuwa nazo. Zilifaulu zote. Tukazigeuza kuwa mfupa, mafuta na gegedu. Zikageuka. Ndipo mwenzangu akapendekeza tutafute kromosomu Y, ile ya kiume ambayo mama hana, kwa kuwa mtoto alikuwa mvulana.

Haikuwepo. Katika chupa ya mara ya nne hatukuipata kabisa. Tukarudi kwenye seli za mwanzo tulizogandisha, tukaikuta. Maana yake ni kwamba ncha ndogo ya desidua, labda pana kama ukucha, ilibaki nilipokata. Seli za mama zilizokuwemo zilikua haraka kuliko za mtoto, zikazisonga mpaka zikazimaliza. Kwa miezi mitano nilikuwa nikilisha na kugawa seli za mama nikiziita za mtoto. Jambo hili limewapata watafiti katika maabara nyingi duniani, na limeandikwa. Lakini kulisoma na kulishika ni vitu viwili.

Kwa mgonjwa, tofauti hiyo ni kubwa. Seli za mtu wa miaka 30 zina umri wake na historia yake. Na fomu ya mama ilisema mchangiaji ni nani? Tungemdunga mtu kitu tusichokijua ni cha nani, huku vipimo vyote vikituambia tuko sawa. Tangu siku hiyo hakuna chupa inayoitwa ya mtoto mpaka tumethibitisha, na akiwa ni msichana tunalinganisha alama za kinasaba na za mama, ambayo ni kazi ghali zaidi. Bibi yangu alikagua zalio kwa vidole kwa sababu kipande kidogo kilichobaki kinaweza kuua. Nilikuwa nimekulia kwenye somo hilo.

Kuhusu zinachofanya seli hizi mwilini, nieleze kwa uangalifu. Wengi hudhani zikidungwa gotini zinageuka kuwa goti. Arnold Caplan, mwanasayansi wa Marekani aliyezipa jina la seli shina za mesenkaima mwaka wa 1991, ndiye huyo huyo aliyeandika mwaka wa 2017 kwamba jina hilo libadilishwe, kwa kuwa linawapotosha watu. Zikidungwa, nyingi hazikai. Kazi yake kubwa inaonekana kuwa ni kutoa ishara: hutuliza kinga ya mwili iliyopandwa na hasira, hupunguza uvimbe, huzihimiza seli za mgonjwa mwenyewe zijirekebishe. Ninamheshimu sana mtu anayerudi kusahihisha jina alilolitoa yeye mwenyewe baada ya miaka 26.

Na majaribio yamekuwa na huzuni zake. Kampuni ya Pluristem ya Haifa, Israeli, ilikuza seli za kondo kwa ustadi mkubwa na kuzifikisha kwenye majaribio ya awamu ya tatu, kwa wagonjwa ambao damu haifiki miguuni na mguu unakaribia kukatwa. Desemba ya 2020 jaribio lilisimamishwa, kwa kuwa hesabu za katikati zilionyesha halitafikia lengo lake. Nilisoma habari hiyo nikiwa ndani ya matatu na nikapitiliza kituo. Seli zilikuwa safi, watafiti walikuwa makini, na bado haikutosha. Kwa upande mwingine, Desemba ya 2024 Marekani iliidhinisha dawa yake ya kwanza ya seli za mesenkaima, kwa watoto ambao uboho waliopandikizwa unaushambulia mwili wao na ambao dawa za steroidi zimeshindwa kuwasaidia. Seli za dawa hiyo hutoka kwenye uboho wa wachangiaji watu wazima. Ugonjwa mmoja, kundi moja la wagonjwa, baada ya miongo mitatu ya kazi. Hiyo ndiyo kasi ya kweli.

Shangazi yangu hakuwa na miongo mitatu.

Ana kisukari cha muda mrefu, na mwaka ule kidonda kilitoka chini ya mguu wa kulia, kikakataa kufunga. Siku moja nilimpitia Majengo baada ya kazi. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Njoo ukae, nina habari njema." Akanipa karatasi inayong'aa ya kliniki moja hapa mjini. Ilikuwa na picha ya mama mjamzito na picha ya goti, na maneno: seli shina za kondo, tiba ya kisukari, baridi yabisi, kiharusi, macho, nguvu za kiume. Sindano tatu. Bei yake ilikuwa karibu na bei ya pikipiki mbili mpya. Kundi la WhatsApp la familia lilikuwa limekwisha kuanza kuchanga.

Nilipiga simu kwenye ile kliniki. Niliuliza kondo limetoka kwa nani na alipimwa nini. Niliuliza kila chupa ina seli hai ngapi. Niliuliza nani aliipima kama ina bakteria au maikoplasma, wale bakteria wadogo mno wanaochafua seli bila kuonekana, na kibali ni cha nani. Dada aliyepokea simu alikuwa mpole. Alisema bidhaa inatoka nje ya nchi na ni salama kabisa, na kama nataka naweza kulipa kwa awamu.

Nikaandika kwenye kundi la familia kwamba wasichange. Kaka yangu akanijibu mbele ya watu wote: "Wewe si ndiyo kazi yako hiyo hiyo? Unakusanya makondo ya watu kila siku utibu wagonjwa. Mgonjwa ni shangazi yako mwenyewe, unamkataza?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alikuwa akirudia maneno yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia akina mama wodini. Tutatoa seli shina, zitibu wagonjwa. Karatasi ile inayong'aa ilisema hivyo hivyo, kwa herufi kubwa zaidi.

Shangazi alidungwa sindano ya kwanza wiki ile. Siku ya tisa alipandwa na homa, mguu ukavimba mpaka kwenye shavu la mguu, akalazwa. Vidole viwili vilikatwa. Sina ushahidi kwamba ni sindano iliyofanya hivyo. Kisukari peke yake hukata vidole vya watu kila siku, na sitaki kudai nisichoweza kuthibitisha. Ninachojua ni kwamba pesa zilizochangwa zingenunua dawa zake za kisukari, viatu vya kupunguza uzito kwenye kidonda, na huduma ya kusafishiwa kidonda kwa miezi mingi, na hayo matatu ni tiba ambazo zimethibitishwa. Na ninajua kilichotokea Marekani mwaka wa 2018, pale wagonjwa 12 katika majimbo matatu walipopata maambukizi makali ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa zilizotangazwa kuwa za seli shina za damu ya kitovu. Bakteria wale wale walikutwa hata katika chupa ambazo hazijafunguliwa. Nilipoisoma taarifa ile upya, wakati shangazi yumo wodini, niliona mikono ya mtu kama mimi, iliyoosha mara moja badala ya mara tano.

Jibu langu la pili, kwa karibu mwaka mzima, lilikuwa la woga. Nikiulizwa wodini nilisema, "Ni utafiti tu, mama." Nilikuwa nimejifunga mdomo. Mzee mmoja kutoka Kariobangi alinitazama akasema, "Utafiti tu si sababu ya kuchukua kitu cha mtu." Alikuwa na haki, na familia yake ilikataa. Nilimfungia kondo vizuri, nikambebea mpaka getini.

Kinachosimama kati ya chupa yangu na mguu wa mgonjwa ninaweza kukutajia bila kufungua daftari. Seli zetu za utafiti zinalishwa kwa majimaji ya damu ya ndama. Za mgonjwa zitahitaji chakula kilichotolewa kwenye chembe sahani za damu ya binadamu, na chakula hicho nacho kipimwe. Tunahitaji chumba safi ambacho hewa yake huchujwa na kupimwa saa zote, na Nairobi umeme ukikatika jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka. Sekunde hizo zinatosha hewa chafu kuingia. Kila kundi la seli lipimwe bakteria, fangasi, maikoplasma, sumu za bakteria, na kromosomu zake zikaguliwe kama hazijaharibika kwa kugawanywa mara nyingi. Baada ya hapo ndipo unaomba kibali cha majaribio, na kuanza na watu wachache kabisa, kwa ajili ya kujua usalama peke yake. Dozi inayotumiwa mara nyingi katika majaribio ni seli milioni moja au mbili kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtu wa kilo 70 anahitaji seli zisizopungua milioni 70. Mimi nikijaza chupa moja kubwa nafurahi nikiwa na milioni chache.

Halafu kuna malaria, ambayo vitabu vya Ulaya havikutufundisha. Vimelea vya Plasmodium falciparum vina hila ya kujificha kwenye kondo: seli nyekundu zilizoambukizwa hunasa kwenye sukari maalumu iliyoko mle, na mama anaweza kupimwa kwa kuchomwa kidole akaonekana hana kitu huku kondo lake limejaa. Nairobi ni ya baridi na malaria si nyingi, lakini akina mama wetu wametoka Busia, wametoka Kisumu, walikwenda nyumbani Desemba. Kwa hiyo tunakata kipande cha kila kondo na kukitazama kwa hadubini. Utaratibu huo tumeuandika wenyewe, na ni ukurasa ninaojivunia kuliko kurasa zote za mwongozo wetu.

Yapo pia yaliyo upande wetu. Nitrojeni ya maji, ile ya nyuzi 196 chini ya sifuri inayohifadhi seli kwa miaka, watu wengi hudhani ni kitu cha nchi tajiri. Lakini wafugaji wa nchi hii wameijua kwa muda mrefu: kituo cha Kabete kimekuwa kikishughulikia mbegu za fahali tangu miaka ya 1940, na wataalamu wa mifugo huzibeba ndani ya mitungi ya nitrojeni kwenye pikipiki hadi vijijini. Aliyenifundisha kupima kina cha nitrojeni kwenye mtungi kwa kijiti ni mzee aliyestaafu kazi ya kupandisha ng'ombe huko Kiambu.

Na kuna sababu ya kuifanya kazi hii hapa badala ya kungoja iletwe. Masjala kubwa ya wachangiaji uboho ya Marekani imeonyesha kwamba mgonjwa mweupe ana uwezekano wa karibu asilimia 79 wa kumpata mtu asiye ndugu anayelingana naye. Mgonjwa mweusi, karibu asilimia 29. Damu yetu ina tofauti nyingi zaidi za kinasaba, na wachangiaji wetu walioandikishwa ni wachache. Damu ya kitovu haidai ulinganifu mkali kama uboho. Ninapofikiria watoto wa Kisumu na wa Pwani wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, halafu nikifikiria ile ndoo ya wodini, damu hunichemka. Hatuwezi kuyamaliza yote, lakini mtu wa kwetu ajifunze kuchota, kupima na kutunza, ili tiba ikithibitishwa tuwe na mikono iliyo tayari.

Kama ningeulizwa kitu gani katika kondo kiko karibu zaidi na mgonjwa wa Nairobi, ningesema amnioni, bila kusita. Haihitaji kukuzwa. Mchangiaji akipimwa vizuri, ngozi ile ikaoshwa, ikahifadhiwa na kutakaswa, inaweza kufunika jeraha la moto au jicho lililoungua, ikapunguza maumivu na kuzuia maji ya mwili yasipotee. Wodi za majeraha ya moto hazikosi mtoto aliyemwagikiwa chai. Ombi letu la kwanza la kwenda kwa mgonjwa litakuwa la amnioni, na nimefurahi kwamba wakubwa wangu wamekubali hilo.

Siku hizi mzee akiinua macho, ninaweka kalamu chini kwanza. Ninasema: "Mama, tutalipeleka maabara. Tutatoa seli zake, tutajifunza kuzikuza bila kuzichafua. Hakuna mgonjwa atakayedungwa seli hizi. Bado hatujafika huko na huenda nisifike mimi. Hakuna anayelipwa, wala wewe wala mimi kwa kondo hili, na sheria ya afya ya mwaka wa 2017 inakataza biashara ya viungo vya binadamu. Ukikataa, mtoto na mama watahudumiwa vile vile." Huwa kimya kinapita. Baadhi wanakataa. Wengi wanakubali, na wanauliza maswali mazuri zaidi kuliko zamani.

Swali zuri kuliko yote liliulizwa na kamati ya maadili mwezi uliopita, likiwa la 14 katika orodha ya waliyotaka tufafanue: mama akibadilisha nia baada ya seli kugandishwa, mtafanyaje? Tulikuwa tumeandika kwamba seli zitateketezwa kwa utaratibu wa taka za hospitali. Nikaichukua rasimu ile nikaenda nayo wodini, nikawauliza akina mama kumi na mmoja waliokuwa wamelala, bila kuwaomba kondo. Wa nne alikuwa binti wa Majengo. Nilimfahamu kwa lafudhi kabla hajaniambia. Alisoma, akarudia kusoma, akasema, "Hiki kijichupa, si bado ni zalio la mwanangu? Nirudishieni nizike."

Nilimweleza kwamba ni kijichupa kidogo kama kidole, na ndani yake matone machache. Akasema anajua, amesikia. Kitambaa atakuja nacho mwenyewe.

Tumebadilisha fomu. Ukurasa wa tatu sasa una visanduku viwili chini ya kifungu cha kujitoa: kimoja cha kuteketezwa hospitalini, kingine cha kurudishiwa kwa maziko. Kwa sababu ya kile cha pili nimelazimika kuandika utaratibu mpya wa maabara, wa jinsi ya kutoa kijichupa kwenye nitrojeni, kukiyeyusha, kuondoa kemikali ya kugandishia ambayo haifai kuingia ardhini, na kuzikabidhi seli zikiwa katika maji safi ya chumvi. Una hatua tisa. Kamati itakaa Alhamisi.